Bi Rula Hafuti, Anapiga Mstari

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, karani wa shule yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi ileile, kwenye meza ileile, ingawa kiti kimebadilishwa mara nne. Walimu humwita Mama Karani. Sisi wanafunzi, asipokuwa karibu, humwita Bi Rula. Anajua, maana siku moja aliitika.

Rula yenyewe ni ya mbao, imelika upande mmoja. Alianza kazi enzi za daftari kubwa la kuandikisha wanafunzi, na mwanafunzi akihama, Bi Rula hafuti jina lake. Huweka rula, hupiga mstari mmoja mwembamba katikati, jina likabaki linasomeka. Waliosoma hapa zamani hurudi na watoto wao, naye huwa ameshayapata majina yao kabla hawajamaliza kusalimia. Mwalimu mmoja mgeni aliwahi kuleta ofisini wino mweupe wa kufutia. Aliombwa kwa adabu aurudishe alikoutoa.

Lilipokuja jedwali la mtandaoni, wengi walidhani mama wa watu ataomba kupumzika. Alivuta kiti, akaiweka kompyuta katika Kiswahili, akajifunza kwa vidole viwili. Rula akaiegemeza kwenye skrini vilevile, mpaka ikaota mikwaruzo.

Hapa nina jambo la kuungama, na ndilo lililonifanya niombe kuandika ukurasa huu.

Jumamosi moja mwaka jana nilikuwa namsaidia. Orodha ya watahiniwa ilitakiwa kutumwa kabla ya saa sita mchana, na saba kati yao walikuwa wamehama. Bi Rula, akiwa na mzazi dirishani, aliniambia niwakate. Kwenye menyu kulikuwa na neno Kata, nikalibonyeza. Kompyuta ikangoja niiambie pa kuwabandika. Nikawabandika mwisho kabisa wa orodha, nisione kwamba mwisho huo ulikuwa na watu. Waliohama wakakaa juu ya majina ya watahiniwa saba, na hao saba wakapotea. Mmoja wao alikuwa dada yangu mkubwa, aliyechelewa kujiandikisha. Bila jina, hakuna mtihani.

Niliona nilipokwisha kubandika, na sikusema kitu. Mimi hata nikiulizwa swali darasani naangalia viatu.

Saa tano na nusu Bi Rula alilinganisha jedwali na daftari, mstari kwa mstari, kama afanyavyo siku zote. Alipofika mwisho alinitazama, akavaa miwani. Aliyaandika majina yote saba upya, akiyasoma kwa sauti ya chini kama anayeita watoto waje kula. Orodha iliondoka zikiwa zimebaki dakika nne. Mwalimu mkuu aliuliza ni nani aliyeharibu. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya kabati la mafaili.

"Ni mimi, mwalimu," alisema Bi Rula. "Nilisema kata. Ningesema piga mstari."

Tangu siku hiyo ofisini hakuna anayetamka neno hilo kizembe. Hata mtunza bustani akitumwa kwenye majani huuliza kwanza: nikate, au nipige mstari?

Dada alifaulu, sasa yuko chuo cha uuguzi. Hili atalijua akisoma hapa. Dada, unisamehe. Na wewe Mama Karani, asante kwa kunibebea mzigo ambao sikuwa na mdomo wa kuusema.

Juzi naibu mwalimu mkuu alinifungulia orodha ya wafanyakazi mtandaoni, nimwondoe anayestaafu. Yuko namba nne. Nililiona neno Kata, nikalipita. Nimepiga mstari mmoja mwembamba, katikati.

Nenda ukapumzike, Mama. Tunakuombea afya, na asubuhi nyingi za kunywa chai bila kugongewa dirisha. Siku ukirudi kutusalimia, jina lako tutakuwa tumeshalipata kabla hujakaa. Linasomeka.