Nani Atamwimbia Mwitika

Benchi letu liko kati ya kibanda cha kinyozi na ukuta wa duka lililofungwa, na mguu wake mmoja ni mfupi. Miaka yote Mzee Soli, fundi viatu, alikuwa akiuwekea kipande cha raba na kukibadilisha kila kinapolika. Sasa raba imekwisha, na ukikaa vibaya kahawa inakumwagikia mapajani. Mzee Soli yuko kitandani kwake. Kiharusi kilimpiga mwezi uliopita, kikachukua mkono wa kulia na maneno yote. Kikamchukua na Mwitika, shujaa aliyekuwa akitusimulia kila jioni huku akishona, mwenye nguvu za ajabu zisizoamka mpaka aimbiwe. Aimbiwe wimbo wa kutwanga, mikono yake inahamisha mlima. Aimbiwe wimbo wa kubembeleza mtoto, haonekani. Sharti lilikuwa moja tu, hawezi kujiimbia mwenyewe. Siku ya mwisho ya Mzee Soli hapa kijiweni, adui aitwaye Bwana Kimya alikuwa amemfungia Mwitika katika nyumba isiyoingiza sauti, akameza na ufunguo. "Kesho," alisema mzee, akakunja vifaa vyake. Basi tumebaki sisi, jioni baada ya jioni, tukimtafutia Mwitika mlango wa kutokea. Kumzungumzia Mwitika ni rahisi kuliko kumzungumzia mzee.

Jioni ile alianza Injinia, ambaye hutengeneza redio na pasi, na chuo amekiona akipita nje.

— Mimi nimeshapata. Nyumba ile lazima ina bomba la maji. Mwitika anatega sikio kwenye bomba. Huko mbali kuna mama anafua na anaimba. Wimbo unakuja na maji.

— Bomba lipi, wewe? — alisema Fupisha. Huyu ndiye kinyozi, na jina hilo tulimpa hapa hapa kwa sababu hadithi hajawahi kuivumilia. — Mzee alisema nyumba haina hata tundu la panya.

— Hakutaja bomba.

— Hakutaja kwa sababu halipo. Sikiliza. Bwana Kimya naye ni mtu, anaoga. Na mtu akioga maji ya moto, akishiba, ataimba tu hata kama hataki. Ataimba kidogo, atajisahau, na Mwitika atabomoa ukuta kabla hajajifuta sabuni.

— Adui amwimbie?

— Bila kukusudia.

Mama Birika, anayetuuzia kahawa, alikuwa anasuuza vikombe. Akatikisa kichwa.

— Nyie wanaume mnahangaika bure. Mwitika alizaliwa na mama, au aliokotwa? Mamake alimwimbia tumboni. Wimbo wa tumboni hautoki. Akinyamaza kabisa humo ndani atausikia.

Ilikuwa karibu kuwa nzuri. Injinia hakukubali kushindwa na mwanamke mwenye birika.

— Hapo sasa umenipa wazo. Sauti haifi. Nyimbo zote alizowahi kuimbiwa zilipanda juu, zikafika mwezini, zikagonga. Sasa hivi zinarudi. Ni suala la kusubiri.

— Zinarudi zinapita wapi, kama nyumba haiingizi sauti?

— Zikigonga zote kwa pamoja, nyumba itapasuka, bwana.

— Mimi naona Bwana Kimya ni pacha wake, — nikasema, ili nami nisionekane sina mchango.

— Wewe naye, — Fupisha akanijibu. — Kila hadithi kwako ina pacha.

Tukacheka. Ndipo tukamwona binti wa Mzee Soli amesimama kando ya kibanda. Anafanya kazi kiwanda cha nguo mbali na hapa, na alirudi baba yake alipoanguka. Hatukujua amesimama pale tangu lini. Kicheko kikatuishia mdomoni.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, — alisema Mama Birika, akimsogezea stuli. — Mgonjwa anaendeleaje?

— Tangu juzi hali chakula. Daktari amesema tukae naye karibu tu.

Maana yake tuliielewa.

— Anaguna, — akasema binti. — Si mguno wa maumivu, ni wa wimbo. Anaanza, anafika mahali fulani, anakatiza, ananitazama. Halafu anaanza tena. Nafikiri anataka nimwimbie. Nimemwimbia kila wimbo ninaoujua, na kwa kila mmoja anageukia ukuta. Jana usingizini nikakumbuka nilivyoambiwa, kwamba kiharusi kilipompata, neno la mwisho alilolisema vizuri lilikuwa Mwitika. Nikasema nije kwenu.

— Umefanya vizuri, — alisema Injinia, akajiweka sawa, na benchi likayumba. — Huyo Mwitika tunamjua kama ndugu yetu. Wimbo wake mkubwa ni ule wa kumwamsha, ule wa mwanzo kabisa. Ukiimbwa ule, anapata pumzi ya watu mia. Aliwahi kuzima nao moto wa mji mzima.

— Ndio huo, mjomba. Unaimbwaje?

— Unampa pumzi, anavuta hivi…

— Hiyo ndiyo kazi yake. Mimi naulizia wimbo wenyewe. Unaimbwaje?

Injinia akamtazama Fupisha. Fupisha akanitazama mimi. Miaka yote ile, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na mstari mmoja wa wimbo ule.

Nami nikaona kwa nini. Kila hadithi ilipofika kwenye wimbo, Mzee Soli alitua sindano, akasafisha koo, akaanza. Alikuwa na sauti nyembamba, ya aibu kidogo. Hapo hapo Fupisha alisema, "Fupisha, mzee, twende kwenye vita," na sisi wote tukaunga mkono, kwa kuwa tulitaka vita. Mzee alicheka pamoja nasi, akaokota sindano yake. "Basi, akaimbiwa," alisema, na hadithi ikaendelea.

— Sisi nyumbani alikuwa hatusimulii, — binti akasema. — Alisema hadithi ile ina wenyewe, wako kijiweni, na wanaipenda sana.

Fupisha aliinuka akaingia kibandani. Tulisikia anafunga droo. Alipotoka alikuwa amevua koti lake la kazi na macho yake yalikuwa mekundu.

— Twende kwenu, mwanangu.

— Hana maneno, baba mdogo.

— Nimesikia. Anaguna. Nataka nikamsikilize.

Tukaenda wote, na Mama Birika akaliacha birika kwenye moto. Chumba kilikuwa na harufu ya gundi ya viatu na dawa. Mzee Soli alikuwa amepungua sana, shuka halikuonyesha kama kuna mtu. Alitutazama mmoja mmoja, macho yake yakaishia kwa Fupisha. Halafu akaanza. Sauti ilikuwa ile ile nyembamba, sasa haina maneno. Ilipanda, ikazunguka, ikashuka kidogo, ikakatika. Akamtazama Fupisha na kusubiri.

Fupisha alipiga magoti kando ya kitanda.

— Endelea, mzee. Leo sina haraka.

Mzee akaanza upya. Ilipanda, ikazunguka, ikashuka kidogo, ikakatika pale pale. Sijui kama mbele ya pale palikuwa na kitu tena, au tulishakimaliza sisi kwa kumkatiza. Alijaribu mara nyingi, na kila mara Fupisha alimwambia endelea, mpaka pumzi ikawa haitoshi hata kufika pale.

Ndipo Fupisha alipoanza kuguna yeye, vibaya, sauti ya mtu asiyewahi kuimba mbele za watu. Binti akamfuata, kisha Mama Birika, kisha Injinia na mimi. Tulikuwa na kipande kifupi tu, kile tulichokisikia, basi tukakiimba hicho. Tulipofika mwisho wake tulirudi mwanzo. Hatukujua la kufanya zaidi.

Mzee Soli alifumba macho. Hakugeukia ukuta.