Audrey Barraclough, Bila Zile Herufi Tatu

Mama yetu mpendwa, Audrey Barraclough, alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1941 hapa Elland, Yorkshire, akiwa mtoto wa tatu wa Harold na Ivy Lumb. Najua wengi wenu mmeshageuza karatasi hii mbele na nyuma mkitafuta zile herufi tatu ambazo mtu aliyepewa Medali ya Dola ya Uingereza huandikiwa baada ya jina lake. Hazipo. Msimamizi wa mazishi aliniuliza mara mbili kama nimesahau. Kaka yangu Russell aliniuliza mara nne, kila mara kwa sauti ya juu zaidi. Nimezitoa mimi, Lorraine, binti yake, na sababu nimeichapisha humu makusudi, ili nikisimama mbele yenu nisipate mwanya wa kuiruka.

Marehemu alisoma shule ya msingi karibu na mfereji, kisha shule ya wasichana mpaka alipotimiza miaka kumi na mitano. Hakupenda hesabu, ila mwandiko wake ulisifiwa. Mwaka wa mwisho alichaguliwa kiranja akapewa beji ya bati. Siku ya pili alimpa mwenzake aivae, siku ya tatu mwingine, mpaka ikawa darasa zima lina kiranja mpya kila asubuhi na mwalimu hajui amkemee nani. Beji ilichukuliwa. Mama alikuwa akiisimulia habari hii huku akicheka peke yake.

Mwaka 1956 aliingia kiwanda cha mazulia, chumba cha kukagua na kushona nyuzi zilizokatika. Meza ya pili yake alikaa msichana wa rika lake, mrefu, mwenye mdomo, Enid Ormerod. Humo humo kiwandani alikuwamo fundi wa mashine, Clifford Barraclough, mtu wa chama cha wafanyakazi toka utosini hadi kwenye soksi. Mama na Baba walifunga ndoa Jumamosi tarehe 1 Juni 1963. Enid ndiye aliyemsimamia bibi harusi, na ndiye aliyeoka pai za nyama za wageni sitini. Sisi watoto tulimwita Shangazi Enid, ingawa hatuna naye hata tone la damu.

Sasa jiko la ukumbi wa kanisa, ambalo ndilo wengi mnamkumbukia. Januari 1979, katika baridi ile kali, Enid alimkuta mzee jirani yake amekaa na koti ndani ya nyumba, anakula maharage ya kopo bila kuyapasha moto. Alirudi moja kwa moja nyumbani akabeba sufuria yake mwenyewe kubwa, kisha akaja kugonga mlango wetu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nilisikia kila neno.

"Audrey, nina sufuria na viazi. Wewe una mikono. Unakuja, huji?"

"Na nyama?"

"Mchinjaji amenipa. Nimemwambia ni ya kanisa."

"Enid! Umemdanganya mtu wa watu."

"Kwani tunaipikia wapi? Si kanisani? Vaa koti, acha maneno."

Kuanzia siku hiyo, kila Jumanne na Ijumaa kwa miaka thelathini na minne, wazee wa Elland walikula chakula cha moto cha mikono ya wawili hao: pai, njegere za kupondwa, mchuzi mzito, na kastadi ya maziwa na mayai ambayo Baba alisema ingeweza kuziba ufa ukutani. Enid alipika na kugombana na wauzaji. Mama alimenya, aligawa, na alijua nani amefiwa na nani hajaonekana.

Hapa ndipo inapoingia kazi yangu. Mimi ni karani wa halmashauri, fomu ndizo zinazoniweka mjini. Januari 2012 nilijaza fomu ya kumpendekeza Mama apewe heshima ya taifa. Utaratibu wetu mnaujua: anayependekezwa hatakiwi kujua, na anayependekeza hutakiwa kufunga mdomo. Mchungaji aliniandikia barua ya kuunga mkono, na daktari pia. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja. Ningeweza kujaza ya pili kwa ajili ya Enid. Ingenigharimu jioni moja zaidi, na jioni hiyo nilikuwa nimechoka. Tena nilipofika pale wanapouliza amefanya nini hasa, niliandika kwamba Audrey Barraclough alianzisha jiko la wazee. Nilijua si kweli. Niliona inasomeka vizuri.

Mapema Mei 2013 barua ilimfikia Mama, ikimuuliza kama ataikubali medali, na kumtaka asimwambie mtu mpaka orodha itakapotoka siku ya kuadhimisha kuzaliwa kwa Malkia. Baba aliisoma akaiweka mezani.

"Dola yenyewe iko wapi?" alisema. "Ilishakufa. Hawa wanagawa medali za marehemu."

"Clifford, kula."

"Na utaona. Wewe unapewa ya chini kabisa kwa viazi vya miaka thelathini, na mtu aliyetufungia kiwanda atapewa ya kuitwa Sir."

"Kula, nimesema."

Baba hakukosea sana, maana jina la tajiri mmoja aliyefunga kiwanda cha mazulia lilitoka ukurasa wa mbele, na la Mama karibu na mwisho. Lakini Mama alijibu ndiyo kwa ule mwandiko wake mzuri. Na kwa kuwa aliambiwa anyamaze, alinyamaza. Wiki sita alisimama beseni moja na Enid, Jumanne na Ijumaa, asiseme kitu.

Jumamosi ile ya katikati ya Juni, saa tatu asubuhi, Enid alikuja na gazeti.

"Jana tumemenya kiroba kizima, mimi na wewe. Hukupata pa kuniambia?"

"Barua imesema nisimwambie mtu."

"Mimi leo nimekuwa mtu?"

"Enid, mpenzi, kaa kwanza. Lorraine anaweka chai."

"Sikai. Na hapa wameandika eti ulianzisha wewe. Nani kawaambia?"

"Sijui. Haki ya Mungu sijui."

"Basi nitamuuliza Malkia."

Mama alisema kweli, hakujua. Aliyejua nilikuwa mimi, nyuma ya mlango wa jikoni, nimeshika birika. Nilijiambia kwamba utaratibu hauniruhusu kusema. Enid alishuka ngazi bila kuchukua sufuria yake, tuliyokuwa tumeileta kwetu jana yake kuisugua, na hakurudi ukumbini tena.

Mama aliendesha jiko peke yake miaka miwili, mpaka magoti yakakataa. Baba alifariki mwaka 2017. Enid alikuja kumzika, akakaa kiti cha nyuma, akaondoka kabla ya chai.

Watu huniuliza, hasa vijana, kama mambo haya ya medali bado yana maana yoyote. Nilikuwapo mwakilishi wa Malkia alipombandika Mama ile medali kwenye koti lake la buluu. Wazee wa ukumbini walipiga makofi mpaka nikaona aibu kwa ajili ya yale niliyoandika. Nimemsikia Baba akiiita takataka. Ninachojua ni kwamba kitu kisicho na maana kisingeweza kuvunja urafiki wa miaka hamsini na saba.

Moyo wa marehemu ulianza kushindwa kazi Novemba 2023. Alilazwa Halifax mara tatu. Mara ya mwisho, jioni moja ya Januari mwaka huu, aliniambia kitu ambacho kimeninyima usingizi.

"Nilikuja kujua ni Enid," alisema.

"Enid alifanya nini, Mama?"

"Aliyeniandikia. Nani mwingine angesema nilianzisha mimi? Alinipa sifa yake, kisha ikamuuma. Mtu haruhusiwi kuuliza, basi nilingoja aseme mwenyewe nimshukuru. Nimengoja sana."

Nilimsogezea mto. Nilimwambia apumzike, tutaongea kesho. Kesho ilikuwapo, na zilikuwapo nyingine kama ishirini baada yake, na sikusema. Alifariki Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka themanini na mitatu.

Wiki iliyopita Russell aliitafuta medali ili tuiweke juu ya jeneza. Hatukuiona kwenye droo wala kabatini. Ilikuwa ndani ya sufuria ya Enid, imefungwa kwa kitambaa cha vyombo, na sufuria imesuguliwa inang'aa. Miaka kumi na miwili Mama hakuipikia hata yai.

Kwa hiyo, Shangazi Enid, kama umekuja na umekaa tena kiti cha nyuma: Mama hakujiombea. Hakujua nani alimwandikia, aliamini ni wewe, na alikupenda kwa hilo. Niliyeandika ni mimi. Niliyekuibia ni mimi.

Marehemu ameacha watoto wawili, Lorraine na Russell, wajukuu watano, kitukuu mmoja, Phoebe, dada wa Mama, Marjorie, na Enid Ormerod, aliyeanzisha jiko la wazee wa Elland. Sufuria iko pale pale kwa Mama, na medali imo ndani. Ufunguo wa nyumba ninao mfukoni leo.

Mama na alale salama. Nililokuwa nalo la kumwambia nimelisema, nimechelewa.