Alichokula Bi Mwanasha Jana

Ukitaka kujua Kilosa inaumwa nini, usihangaike kwenda hospitali. Kaa kwenye benchi la Mzee Wenceslaus, pale karibu na stesheni, anapouzia kahawa. Tangu serikali ifungulie biashara, bidhaa zimejaa madukani na maneno yamejaa benchini. Jioni ile Mrisho mwenye duka alikaa pembeni, kahawa ikimpolea mkononi. Asubuhi alikuwa amempeleka mama yake, Bi Mwanasha, kwa daktari, maana siku hizi anatia chumvi kwenye chai. Daktari alimuuliza bibi kitu kidogo tu: jana ulikula nini? Akajibu, mlenda na ugali wa mtama. Mrisho akaona aibu. Kwake mlenda haupikwi. Mama anapelekewa wali wa mafuta, chapati na soda, chakula cha mtu aliyezaa mwana mwenye duka. Akamwambia daktari, mama akiwa hapohapo, "Huyu ameshapotea." Mama akajitanda kanga yake, wakarudi nyumbani.

Sasa alikuwa ameshaamua. Kesho anampeleka mama kijijini Lumuma, kwa dada yake yeye Mrisho, akakae huko aangaliwe, asije akapotelea relini. Roho ilimuuma, lakini alishalitangazia benchi.

— Kwani daktari kasemaje? aliuliza Samson, muuza mitumba, ambaye benchi zima linamwita Kontena.

— Eti mafuta na sukari vikizidi, mwili wa mama mzee unavimba ndani kwa ndani. Magoti yanauma, na kichwa nacho kinachoka. Nimpunguzie.

Bibisii, mstaafu wa reli anayelala na redio sikioni, alisema hilo yeye analijua siku nyingi.

— Uvimbe unaanzia gotini, unapanda taratibu. Haba na haba hujaza kibaba. Ukifika kichwani, kumbukumbu zinakosa pa kukaa.

— Basi wenye matende wote wangeshasahau kwao, Kontena alimkata. Kosa ni la haya mafuta ya kopo. Yamevuka bahari, hayajui yamefika wapi. Ukiyala, na wewe hujui uko wapi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Mzee Wenceslaus aliuliza hiyo kamba imeingiaje hapo. Nani amjibu? Bibisii alishakimbia na hoja nyingine, kwamba kina mama wakishaacha kuzaa ubongo wao hukauka, ila wa wanaume haukauki kwa sababu wanaunyweshea kahawa. Kontena akaona asipitwe, akaleta vyama vingi: bibi wa watu kazoea chama kimoja maisha yake yote, leo anaambiwa achague, hicho kichwa kitabaki salama? Wakacheka hadi wakakohoa. Mrisho hakucheka.

Mwishoni mwa benchi alikuwa amekaa mzee mmoja mrefu, fimbo mapajani, anasubiri treni. Alikuwa Shigela, mmoja wa wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa, na benchi lilikuwa halijamzoea. Mrisho alishampa shikamoo yake, akaitikiwa marahaba, yakaishia hapo. Sasa mzee akakohoa kidogo.

— Samahani, wanangu. Na hiyo jana yenyewe, mama alikula nini?

— Wali, alijibu Mrisho.

— Ulikula naye?

Mrisho akahesabu siku. Jana alikuwa dukani tangu alfajiri. Juzi vilevile. Sahani ya mama huingizwa chumbani imefunikwa, inarudi tupu, na yeye na majigambo yake yote hajawahi kuuliza nani kaimaliza. Akamtazama Bibisii, Bibisii akatazama reli. Kontena akajifanya anatafuta kiberiti. Hawa ndio watu wenye jibu la kila kitu chini ya jua.

Mrisho aliweka kikombe chini, akaenda nyumbani kwa miguu ya haraka. Chumbani mama hayupo. Akamkuta uani kwa jirani yao Joha, wamekaa mkekani, bakuli la mlenda katikati yao na ugali wa mtama pembeni. Ule wali wa mafuta walikuwa wanaumalizia watoto wa Joha. Joha akashikwa na haya, akaeleza kwamba mafuta yale yanamkaba mama kifuani na usiku magoti yanamwaka moto, lakini mwenyewe kamkataza kusema. Eti mwanangu anajitahidi, nikikikataa chakula chake nitamvunja moyo.

Mrisho alichuchumaa pale pale na viatu vyake. Chumvi kwenye chai ilikuwa kweli, hilo halikufutika, na kwa daktari watarudi. Lakini Lumuma hakukuwa tena na safari, na machozi yalimlenga, hakuyaficha.

— Mama, mbona hukumwambia daktari kwamba mimi ndiye nisiyejua unachokula?

Bi Mwanasha alimshangaa.

— Nikuaibishe mbele za watu, na wewe ni mwanangu?