Dirisha la Dada Wino

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mchapishaji wa fulana ambaye mtaa mzima ulimwita Dada Wino. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na alikuwa na pumu tangu utotoni. Yashikeni hayo mawili, uchapishaji na pumu, maana ndiyo yaliyogongana.

Habari hii tumepewa na mama yake mzazi. Hakutaka tumpambe mwanawe kwa sifa. Alisema, "Semeni ilivyokuwa. Labda kuna mmoja atapona."

Basi ilivyokuwa ni hivi.

Dada Wino hakuwa na kidole kisafi. Siku alipokwenda kuchukua kitambulisho, karani alimshika mkono, akautazama, akacheka. "Dada, mbona umeshajipaka kabla sijakupa wino?" Naye akajibu, "Wa kwenu ni mweusi tu. Mimi ninazo rangi zote, chagua."

Mashine yake ilikuwa printa ya kawaida ya ofisini. Aliibadilisha kwa mkono wake. Alitoa katriji zote, vile vikopo vya wino vya kiwandani, akaweka vitangi vya wino ubavuni, na kutoka kila kitangi akapitisha mpira mwembamba mpaka kwenye kichwa cha printa, kile kinachotema wino kwenye karatasi. Picha ilitoka kwenye karatasi laini ya nailoni. Alinyunyizia unga wa gundi, akauyeyusha kwenye oveni ndogo, kisha akaibana picha kwenye fulana kwa pasi nzito. Ile gundi ikipata moto hutoa moshi mwembamba. Mwenye kifua kizima anapiga chafya, basi. Mwenye pumu ni habari nyingine.

Ndiyo maana mama mtu alikuwa na swali moja kila asubuhi.

"Umebeba?"

"Nimebeba, Mama."

Ni ile dawa ya pumu ya kupuliza mdomoni. Miaka na miaka, swali lile lile, jibu lile lile. Kaka yake alikuwa akiwatania, "Nyinyi wawili mmeshasahau kusalimiana."

Mwezi wa mwisho wa uhai wake, Dada Wino alihamia chumba kipya, kando ya barabara ya vumbi. Siku ya kuhama alifanya wanavyofanya mafundi wote wa kazi hiyo. Kila kitangi kina tundu dogo juu, la kuingiza hewa. Aliyaziba yote kwa vizibo vidogo vya mpira, wino usimwagike njiani. Alipofika akavitoa.

Alivitoa vyote, isipokuwa kimoja. Wakati huo hakuna aliyejua.

Kisha ikaja kazi ya kwaya. Fulana arobaini, maneno mekundu kifuani, zivaliwe Jumamosi. Karatasi ya kwanza ikatoka safi. Ya pili safi. Ya tatu maneno yakaanza mekundu, yakafika katikati yakawa ya njano. Printa ile hupata maneno mekundu kwa kuchanganya wino mwekundu na wa njano, na ule mwekundu ulikuwa haufiki.

Akasafisha kichwa cha printa. Wapi. Akavuta wino kwa bomba la sindano, ukaja, kurasa tatu ukapotea tena. Akakiinua kitangi juu ya kitabu. Akakishusha. Akakagua mpira shubiri kwa shubiri akitafuta povu la hewa. Akiiacha mashine ipumzike mpaka kesho yake, wekundu unarudi. Kurasa tatu, umekwenda.

Akaamua ni vumbi. Vumbi la barabara limeziba matundu ya kichwa, na upepo unakausha wino. Akafunga dirisha. Kesho yake akalibandika nailoni na gundi ya karatasi pande zote nne.

Mama mtu alipoingia, moshi ulimpokea mlangoni.

"Wewe mtoto, fungua dirisha."

"Nikifungua, Mama, vumbi linanimaliza."

"Na kifua chako?"

"Kifua changu nakijua. Hii mashine ndiyo siijui."

Walibishana Jumatatu. Walibishana Jumanne. Jumatano mama alikuwa hajalala vizuri, magoti yanamuuma, na ule ubishi ulikuwa umeshamchosha. Dada Wino akamwambia, "Badala ya kunigombeza, nisaidie. Chini ya mlango vumbi linaingia."

Wasikilizaji wapendwa, mama huyu alikunja shuka kuukuu, akapiga goti, akaliziba lile pengo la mlango. Kwa mikono yake. Maneno yake mwenyewe ni haya: "Nilichoka kubishana. Nikasema, acha nimpe anachotaka, nipumzike."

Halafu akauliza, "Umebeba?"

"Nimebeba, Mama."

Na kweli alikuwa amebeba. Dawa ilikuwa ndani ya mkoba, na mkoba ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, usichafuke wino. Hatua tano kutoka kwenye kiti chake cha kazi.

Mama alirudi saa tisa mchana na chupa ya chai. Oveni ilikuwa bado ya moto. Mwanawe alikuwa sakafuni, hatua mbili kutoka mlangoni. Hakufika hospitali akiwa hai.

Kwaya ilikuja kumzika. Walivaa fulana zao za zamani.

Siku ya tisa akaja fundi wa mihuri, mzee aliyemfundisha marehemu kazi. Alimwambia mama, "Za watu zile tuzimalize. Hata yeye asingependa zibaki." Akaiwasha printa. Karatasi ya tatu, njano. Akapitisha kidole juu ya vitangi, kimoja kimoja, akasimama kwenye chekundu. Akachomoa kizibo kidogo cheusi, hakizidi punje ya harage. Kitangi kikavuta hewa, mapovu yakapanda, na wino ukaanza kutembea kwenye mpira.

"Ni hiki tu," akasema taratibu. "Kitangi kisipopata hewa, hakitoi wino."

"Na vumbi?"

"Vumbi halihusiki, dada yangu."

"Na dirisha?"

Mama akaenda mwenyewe, akaibandua ile nailoni, upande mmoja baada ya mwingine. Fulana arobaini zilichapishwa dirisha likiwa wazi na vumbi likiingia litakavyo. Hata herufi moja haikupotea.

Kile kizibo mama amekifunga kwenye pindo la kitambaa chake. Alikuja nacho hapa studio. Asubuhi, anasema, swali bado linamtoka lenyewe: "Umebeba?" Kisha anakumbuka.

Mama yetu, kaka wa marehemu, na wewe mzee wa mihuri, poleni sana. Mungu awape nguvu za kuamka kila siku.

Nanyi mnaofanya kazi za wino, gundi na rangi, mama amewaachia neno. Nalisoma alivyolisema: "Mashine ikikukataa, fungua dirisha kwanza. Ubovu wake utautafuta huku unapumua. Na wewe mama mwenzangu, umeshachoka, najua. Bishana naye tena."

Hapo ulipo, kama kuna dirisha limefungwa, inuka.