Maisha ya Mama Scholastica Pantaleo, Muuguzi Aliyehesabu Hatua za Wazee (1936–2014)

Baba Paroko, majirani wa Nakwa, ndugu mliotoka Dareda na Sigino, Tumsifu Yesu Kristo. Anayesimama mbele yenu ni Bernadina Melkiadi, binti wa kwanza wa marehemu, na kabla hajasoma lolote anakiri mbele ya jeneza hili kwamba tarehe 6 Mei mwaka huu alimdanganya muuguzi aliyekuja kumpima mama yake, akamtaja na Mungu awe shahidi wa uongo huo, na ndugu zake wamekubali jambo hilo lisomwe humu mahali pake, lisifichwe.

Marehemu Scholastica Pantaleo alizaliwa tarehe 3 Machi 1936 huko Dareda, mtoto wa tatu wa mzee Pantaleo, mkulima wa mahindi na maharage, akabatizwa mwaka huohuo, akasoma shule ya misheni kuanzia 1945 hadi 1952, kisha akajifunza uuguzi kwa miaka mitatu, akafanya kazi katika zahanati za Mbulu na baadaye hapa Babati, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 1991.

Tarehe 8 Agosti 1959 alifunga ndoa takatifu na mwalimu Melkiadi Yoakimu, aliyetutangulia mwaka 1999, wakajaliwa watoto wanne, Bernadina, Rogath, Devota na Theodory, wajukuu kumi na mmoja na kitukuu mmoja.

Mwaka 2002 mkoa wetu wa Manyara ulipoanza, mji ukajaa ofisi na wageni, vijana wengi wakakimbilia vibarua vya ujenzi na wazee wakabaki wanashinda peke yao majumbani, ndipo parokia ikamwomba marehemu awatembelee, naye akazunguka Sigino, Bonga na hapa Nakwa kwa miguu toka 2003 hadi 2010. Wengi mnaukumbuka utaratibu wake, anaingia, anasalimia, anatazama sakafu, anatazama miguu na macho ya mzee, kisha anamwambia, "Simama bila kushika kiti, nenda mpaka mlangoni, geuka, rudi ukae," huku yeye anahesabu polepole kwa sauti, na hesabu ikipita ishirini anawaambia wenye nyumba, "Huyu asiende chooni peke yake." Mzee Wolfgang wa Bonga alikuwa akimtania, "Scholastica, mbona unanipigisha kwata, unanipeleka jeshini?" naye anamjibu, "Jeshi halikutaki, mzee wangu, geuka."

Kuhusu ugonjwa, Oktoba 2013 marehemu mwenyewe alianguka kwenye mlango wa bafu, Januari akaanguka akiwapelekea kuku maji, na wakati wa Kwaresima Bernadina akamkuta amekaa sakafuni sebuleni, akasema, "Nimepumzika tu." Bernadina, mnayemwita Mama Brayson, ambaye ni mwenyekiti wa jumuiya, alimvisha sweta la mikono mirefu ili alama zisionekane, maana aliogopa watu watasema Mama Brayson anasimamia jumuiya na mama yake anagaragara chini.

Katika miezi hiyohiyo, kila siku saa tisa alasiri, marehemu aligeuza kiti chake kikatazamana na kiti kitupu kilichokuwa ukutani, akasema, "Haya mama, simama," akaanza kuhesabu, na shingo yake ikageuka polepole ikifuata kitu kinachokwenda mlangoni, halafu polepole ikarudi nacho. Januari aliishia kumi na nane, Pasaka ishirini na sita, na mjukuu wake Brayson akaacha kabisa kupita sebuleni saa hiyo. Bernadina alimuuliza, "Mama, unampima nani?" naye akasema, "Mama mmoja. Hataki mwanawe ajue." Siku nyingine akasema bila kuulizwa, "Leo amegeuka vibaya pale mlangoni."

Tarehe 6 Mei akaja sista Noela, muuguzi anayewazungukia wazee, akasema, "Shikamoo bibi, tangu mwaka jana umeanguka mara ngapi?" na kama ilivyo katika nyumba zetu nyingi, mzee akiulizwa na mgeni anayejibu ni mtoto, Bernadina akadakia, "Hajaanguka." Sista akamtembeza, akatazama saa yake, akasema sekunde ishirini na tisa, na marehemu akaitikia, "Ndiyo, hata jana ilikuwa ishirini na tisa," wakati jana yake hakuna aliyempima. Sista akauliza tena, "Mama Brayson, kwa hatua hizi, kweli hata mara moja?" Bernadina akasema, "Mungu ni shahidi, sista." Marehemu alimtazama mwanawe, kisha akakigeukia kile kiti kitupu. Basi sista akaandika kwamba atarudi baada ya miezi mitatu, ila alisema wazi kwamba angekuwa ameanguka angempeleka hospitali wiki hiyohiyo, na pale mlangoni angetaka pawekwe mti wa kushikia.

Jumamosi tarehe 14 Juni, saa tisa, Bernadina alikuwa uani akichambua maharage, akasikia hesabu imepita thelathini, ikapita hamsini, akasema moyoni, mwache amalize. Ilipofika sabini alishikwa na woga, akaingia ndani, akamkuta mama yake amelala mlangoni, mguu umepinda, amezimia, midomo imefungwa, na hesabu bado inaendelea upande wa kile kiti kitupu, sabini na tatu, sabini na nne, kisha kimya. Familia haina maelezo ya jambo hilo, Bernadina anasema alichosikia, na amekwisha kumweleza Baba Paroko.

Hospitalini ilionekana nyonga imevunjika. Daktari aliuliza mama ameanguka mara ngapi, Bernadina akafungua kinywa, marehemu akamshika mkono, akajibu mwenyewe, "Hii ya nne, daktari," bila kumlaumu mtu. Baadaye akashikwa na homa ya mapafu, tarehe 22 akapakwa mafuta matakatifu, na Jumanne tarehe 24 Juni 2014, saa kumi na mbili asubuhi, akafariki akiwa na umri wa miaka sabini na minane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wastaafu wenzake, majirani mliopika na kulala nasi siku zote tatu, jumuiya ambayo haikumfukuza mwenyekiti wake alipokiri, na kwa namna ya pekee sista Noela, aliyeambiwa ukweli wakati hawezi tena kuutumia, na bado leo amekuja. Mama yetu, Bwana akupokee, upumzike katika amani yake.

Nanyi mliokuja, ombi letu ni moja, muuguzi akifika nyumbani kwenu kumpima mzee, tokeni nje, mwacheni mzee ajibu mwenyewe.