Makuta Yenye Miguu ya Mama Kapya

Hakuwa na diploma. Hakuwa na ubao, chaki wala madawati. Mwanzoni, mshahara hakuujua. Darasa lake lilikuwa baraza ya nyumba yake, katika kambi ya wachimbaji wa shaba, hapa Lubumbashi. Wasikilizaji wapendwa, huyo ni Mama Kapya Chileshe, aliyetuaga Jumanne. Alifundisha watoto wadogo kuhesabu pesa kwa hadithi za picha. Narudia: kwa picha!

Mwaka 1974 aliwauliza, "Batoto, bunga tunapata namna gani?"

"Tunaonyesha karte!"

Posho ya unga ya kampuni ilitolewa kwa kadi. Watoto wa kambi walikuwa hawajawahi kushika pesa! Mama Kapya alicheka mpaka akakaa chini. Dada yake, Mama Mwansa, anakumbuka: "Alipasua mifuko ya simenti, akachora kuku anaenda soko na makuta, pesa zetu za wakati ule, zenye miguu. Likuta moja, mguu moja. Makuta tano, miguu tano. Nikamwambia, dada, unapata wazimu!"

Kisha akaja mkaguzi wa shule, sitwaye Kunda, yaani raia Kunda, kama tulivyoitana enzi zile. Asiporidhika, darasa linafungwa siku hiyohiyo.

"Mama, hii ni michezo. Shule iko wapi?"

"Iko mu vichwa vya batoto, sitwaye. Uliza."

Kunda akachagua mafungu matatu ya karanga kwenye soko la mchezo la watoto, kila fungu likuta moja. Akampa muuzaji, Mwape, binti wa miaka sita, sarafu moja ya makuta matano. Mwape akamrudishia sarafu mbili za likuta moja moja.

Mama Kapya alishika ukuta.

"Ee, mutoto!" Kunda akamtania. "Nimekupa moja, unanirudishia mbili? Nimekula faida!"

"Hapana, papa! Yako ilikuwa na miguu tano. Tatu inabakia na karanga zetu. Mbili inakutembeza mpaka kwako!"

Baraza nzima ililipuka kwa vigelegele. Kunda mwenyewe alicheka, huku akitafuna karanga.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Mama Mwansa na ukoo wote wa Chileshe: poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nasi tujiulize leo, mtoto aliye karibu nasi tumemfundisha nini kwa mikono yetu wenyewe?

Siku ile Kunda aliomba meza. Akaandika kwa wakubwa wake, akisoma kwa sauti: "Darasa hili liendelee. Mwalimu alipwe." Mama Kapya akamwomba asome tena. Akasoma tena. Kisha akalamba bahasha, akaibana kwa kiganja, akampa dereva wake.

"Peleka sasa hivi."

Motokaa ikaondoka.