Maisha ya Zipora Nagudi, Msomaji wa Sura ya Sara

Ndugu na jamaa, majirani wa mlima wa Nakwiga, wenzetu wa sinagogi, nanyi wa kanisani na msikitini mliofunga maduka mkaja, aliyepata pa kukaa akae, maana familia ya mzee Yonadabu Wamboga imechoka na ninyi jua limewachosha, lakini hatuwezi kumzika Zipora, Mama Gidioni, bila kumtaja.

Zipora Nagudi alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa hapa Nakwiga, mtoto wa tatu wa marehemu Samsoni Mugide na marehemu Yaeli Namono, akaanza shule ya msingi mwaka 1959, akaishia darasa la nne, kwa sababu mama yake alijifungua mapacha na wa kuwabeba alikuwa yeye. Kiebrania alikisikia tu, kwani siku zile herufi walifundishwa wavulana, na alipokuwa msichana mkubwa ikaja ile miaka serikali ilipopiga marufuku sala zetu sisi Wayahudi, vitabu vikafichwa migombani, hata hao wavulana wakasahau.

Tarehe 6 Agosti 1972 aliolewa na Yonadabu, kimya kimya, jikoni kwa mama mkwe, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, na waliokuwepo wanasema aliyetetemeka ni bwana harusi. Mungu akawajalia watoto sita, waliobaki ni wanne, Gidioni, Rakeli, Hulda na Asafu, na wajukuu ndio hao mnaowasikia nyuma ya jiko.

Kazi yake ilikuwa kahawa, aliipalilia, aliichuma, aliianika, na maji aliyapandisha mlima huu kwa kichwa chake, ndiyo maana alikuwa akisinzia popote anapoketi, hata kwenye harusi ya Rakeli alisinzia na sahani mkononi.

Sala ziliporuhusiwa tena, Yonadabu alifanywa msimamizi wa kisomo, yule anayesimama kando ya msomaji akifuata kwenye kitabu, ukikosea anakurudisha kwa sauti watu wote wakisikia, na kila Ijumaa kazi yake ni kulikunja gombo la Torati mpaka lifike mahali pa kusomwa kesho yake. Mwaka 2004 wanawake nao waliporuhusiwa kusoma, Zipora akasema atasoma mwanzo wa sura ya Sara, ambayo zamu yake huja mara moja kwa mwaka, pale Sara anapofariki na Ibrahimu anamtafutia kaburi, watu wakashangaa alijifunza lini. Hakujifunza. Miaka yote alikuwa akiisikia akiwa nje ya dirisha anachambua maharage, ikamwingia kichwani yote, maneno na sauti yake.

Sabato ya tarehe 6 Novemba 2004 akasimama, kitenge kipya, akashika kijiti cha fedha cha kuonyeshea mistari, akasoma kwa sauti tamu mpaka wazee wakatikisa vichwa, naye Yonadabu macho yako kitabuni, anafurahi, mpaka alipotupa jicho kwenye gombo.

"Hapana! Mama Gidioni, hapo siyo."

"Siyo nini? Neno gani nimekosea?"

"Hujakosea hata moja. Lakini kijiti chako kiko kwenye Bahari ya Shamu!"

Kumbe Alhamisi vijana walionyeshwa ule wimbo wa kuvuka bahari, ambao mistari yake imepangwa kama ukuta wa matofali, hata mtoto anautambua, gombo likaachwa hapo, na mwenye kazi ya kulirudisha Ijumaa alikuwa kwa rafiki yake anaonja pombe ya mtama, mzee Yonadabu usiiname, wote wanajua. Sasa Torati kwetu husomwa kwa macho kutoka kwenye gombo, haitolewi kichwani, basi kisomo chake hakikuhesabiwa, akaitwa mwingine akaanza upya, naye Zipora akarudi kukaa huku wenzake wakicheka kwenye vitenge vyao.

Nyumbani alisema, "Ungeninyamazia tu."

"Ninyamaze mbele ya Torati, mke wangu?"

"Mbona Ijumaa uliinyamazia?"

Zipora akaapa hafi kabla hajaisoma sura ile kwa macho yake, na kwamba hatafundishwa na Yonadabu, akaenda kwenye darasa la watu wazima la Jumapili linalofundishwa na Kezia, mtoto wa kaka yake. Alifika na udongo miguuni, mgongo unauma, herufi zinafanana zote.

"Shangazi, umelala?"

"Sijalala, mwanangu, nayapumzisha macho yapate kusoma."

Miaka ikapita hivyo, akisahau na kurudia, wengine wakaanza na kuhitimu wakamwacha. Tarehe 19 Novemba 2011 alisimama tena, akasoma aya tatu, polepole mno, sauti ile tamu hakuna, herufi moja moja kama mtu anayepanda mlima na ndoo, wali wa Sabato ukapoa, na Yonadabu hakumrudisha popote. Alipomaliza aliomba kiti.

Baadaye macho ya Yonadabu yaliingia ukungu, hata gombo likawa linakunjwa na Zipora kila Ijumaa, na Sabato anasoma yeye, mume kando, haoni kitu, anamnong'oneza, "Ni hapo?" naye anajibu, "Ni hapo, Baba Gidioni, tulia."

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua, akalazwa na kurudi, akalazwa na kurudi, akawa anasema amechoka kuchoka. Jumatatu wiki hii alimwambia Kezia, "Nenda sinagogi ukaangalie gombo limeachwa wapi, wale nawajua." Kezia akapanda mlima, lakini aliporudi marehemu hakuwa akisikia tena, akafariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 7 Novemba 2023, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Yonadabu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbale, majirani waliochota maji na kupika, wenzake wa chama cha kahawa, na darasa la Jumapili lililohamia kitandani kwake. Sabato ijayo ni sura ya Sara, na Kezia ataisoma.

Na kwa kuwa ulikwenda bila kujibiwa, Zipora, tunakujibu sasa mbele ya watu wote: gombo tumeliangalia, liko kwa Sara, liko hapo hapo. Tulia, upumzike kwa amani.